Shilingi Inaharibu Santuri

Kwetu Kawangware babu ana gramafoni na santuri za Daudi Kabaka alizonunua River Road miaka ya 1970. Sindano ikiruka, alikuwa akiweka shilingi juu ya kichwa cha mkono. Kweli ilitulia, lakini uzito ukizidi unakwangua mifereji, na mlio ukishafutika haurudi tena!

Kwanza nilisafisha sindano kwa brashi laini, nikivuta kuja mbele. Namba za kupimia zilikuwa zimefutika, basi nikakumbuka fizikia: mililita 2 za maji ni gramu 2, kiasi kinachofaa sindano nyingi za sumaku. Nililaza rula juu ya penseli, ncha zote mbili nikaweka vifuniko sawa vya plastiki. Kimoja nilikitia maji hayo kwa sirinji, kingine nikakilaliza sindano polepole. Nikazungusha ule uzito ulio nyuma ya mkono, kidogo kidogo, mpaka rula ikasimama sawa.

Babu alirudisha shilingi mfukoni. "Mjukuu wangu, sasa nasikia hata gitaa la nyuma," akasema. Wahenga walinena: usione vyaelea, vimeundwa.