Mkataba Usomwe Kabla ya Safari

Kutoka nyumbani kwenda kutafuta riziki ya halali si jambo la aibu, wala si jambo geni kwetu. Mvua zilipokosa, wazee wetu wa Kondoa, Singida na Ugogoni walikwenda kukata mkonge katika mashamba ya Tanga na Morogoro. Siku hizi safari imekuwa ndefu zaidi, na wasafiri wengi ni mabinti, wanaokwenda Oman, Falme za Kiarabu na Saudia kufanya kazi za majumbani. Hatukusudii kuwakataza. Lakini liko jambo moja ambalo kila mzazi yampasa alitimize kabla binti hajapanda gari, nalo ni mkataba.

Sisi walimu wa chuoni huletewa karatasi hizo mara kwa mara. Mzazi akiziona herufi za Kiarabu moyo wake hutulia, kwani amezizoea katika Msahafu. Twawaambia wazazi kuwa herufi ni chombo tu: huandikiwa haki, na huandikiwa dhuluma pia. Tena kusoma Kurani si sawa na kuyajua maneno ya sheria za kazi, na mwalimu amchaye Mungu hashuhudii karatasi asiyoifahamu.

Vilevile husemwa, “Anakwenda kwa Waislamu wenzetu, hana la kuogopa.” Dhana hiyo ni njema, bali haitoshi. Kurani yenyewe, katika Suratul Baqara aya ya 282, iliyo ndefu kuliko aya zote, yawaamrisha waumini waandikiane deni na waweke mashahidi. Walioamrishwa ni Waislamu baina yao. Ikiwa deni la fedha laandikwa, yawezekanaje jasho la miaka miwili likaachwa katika maneno ya mdomo?

Sheria ya nchi nayo yasema hivyo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 yataka mkataba wa kwenda kufanya kazi nje ya Tanzania uwe wa maandishi, na mfanya kazi asiyeyaelewa maandishi aelezwe kwa njia anayoielewa. Basi wakala asemaye kuwa mkataba utapatikana huko huko, maneno yake hayapatani na sheria.

Jambo la pili ni kibali. Mgeni ajaye kwetu haruhusiwi kufanya kazi bila kibali cha Kamishna wa Kazi. Ndivyo isemavyo Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015. Nchi za wenzetu nazo zina masharti yao. Binti aliyepewa viza ya matembezi, akaambiwa kuwa kibali kitafuata, amewekwa mahali pabaya: akidhulumiwa ataogopa hata kwenda polisi, kwani yeye mwenyewe hana ruhusa ya kufanya kazi.

Katika nchi za Ghuba upo utaratibu uitwao kafala. Chuoni twalifundisha neno hili kwa maana ya kumlea yatima, nayo ni sifa njema. Katika mambo ya kazi maana yake ni kuwa ukaazi wa mgeni umefungwa kwa tajiri aliyemleta. Akiondoka nyumbani mle bila ruhusa aweza kushitakiwa kuwa ametoroka, hata ikiwa hakulipwa mshahara wake.

Mwezi wa Novemba 2017 shirika la Human Rights Watch lilitoa ripoti baada ya kuzungumza na wanawake 50 wa Tanzania waliotumika Oman na Falme za Kiarabu. Karibu wote walisema pasi zao zilichukuliwa. Wako waliofanya kazi hata saa 21 kwa siku, na wako waliolipwa pungufu ya walivyoahidiwa. Si haki kusema kuwa matajiri wote ni hivyo. Wako wenye kuwatendea wema watumishi wao. Lakini wema wa mtu haujulikani kabla ya kufika kwake.

Tena sheria za nchi hizo hazilingani. Katika Falme za Kiarabu, sheria ya mwaka 2017 na ile ya mwaka 2022 iliyochukua nafasi yake zimempa mtumishi wa nyumbani siku moja ya mapumziko kila wiki, saa 12 za mapumziko kila siku, na likizo ya siku 30 kwa mwaka. Oman, sheria ya kazi ya mwaka 2003 haikuwahusu watumishi wa nyumbani. Khabari zao ziliwekewa kanuni mbali mwaka 2004. Kwa hiyo yafaa kuuliza binti anakwenda nchi gani, wala isitoshe kuambiwa “Uarabuni”.

Basi wazazi wafanye hivi. Mkataba uletwe kwa Kiswahili pia, na usomwe mbele ya binti mwenyewe na mashahidi. Yatazamwe jina la tajiri na mji wake, mshahara, saa za kazi, siku ya mapumziko, na nani atakayelipa nauli ya kurudi. Wakala aulizwe leseni yake, na ukweli wake uthibitishwe kwa maofisa wa kazi wa serikali. Nakala ya mkataba na ya pasi ibaki nyumbani, pamoja na namba ya simu ya ubalozi wetu.

Nasi tujitazame. Mabinti wa Dodoma na Singida hutumika majumbani mwa Waislamu wenzao mijini. Sheria ile ya 2004 yawapa mapumziko ya saa 24 kila wiki na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Ni wangapi kati yetu wanaowapa? Atakaye mwanawe atendewe haki ugenini, aanze kwa mtoto wa mwenziwe aliye jikoni mwake.

Mwenyezi Mungu awahifadhi wasafiri wetu na awarejeshe salama. Amin.