Kilomita Nyingi Si Kosa la Pikipiki

Miongoni mwa walimu vijana, na hata wanafunzi wa vyuo wenye wazazi wakarimu, pamezuka hamu kubwa ya kumiliki pikipiki ndogo za mbio, zile ambazo dereva huziinamia kifua kikiwa karibu kugusa tangi. Mpya ni ghali, kwa hivyo macho huelekea mitumba. Hapo ndipo mabishano huanza katika vyumba vya walimu: je, pikipiki iliyokwisha kwenda kilomita 60,000 inanunulika, au ni chuma chakavu kilichopakwa rangi?

Wengi hujibu upesi kwamba hainunuliki. Kwao tarakimu hiyo ni hukumu. Ni kweli kwamba kilomita 60,000 ni takriban sawa na kuizunguka dunia mara moja na nusu. Hata hivyo, nathubutu kusema kuwa wanaoikimbia pikipiki kwa sababu hiyo tu, aghalabu huangukia iliyo mbovu zaidi.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Chukua pikipiki iliyokuwa ikisafiri kati ya Nairobi na Nakuru, kiasi cha kilomita 160 kwa kila safari. Kufikia kilomita 60,000 itakuwa imefanya safari 375. Sasa chukua nyingine ambayo mwenyewe aliitumia kwenda kazini na kurudi, kilomita 3 kila upande, na ambayo imefikisha kilomita 15,000 tu. Hiyo imewashwa ikiwa baridi yapata mara 5,000. Injini huchakaa zaidi katika dakika zake za kwanza, kabla mafuta hayajapata joto na kuenea ipasavyo. Isitoshe, safari fupi haziyapi mafuta nafasi ya kuchemka na kuutoa unyevu ulioingia ndani. Ni ipi basi iliyozeeka?

Sisemi kwamba umbali si kitu. La hasha! Injini ndogo hufanya kazi ya sulubu. Kawasaki Ninja 250R, kwa mfano, ikiwa katika mwendo wa kilomita 100 kwa saa, injini yake huzunguka zaidi ya mara 7,000 kwa dakika, ilhali gari la kawaida katika mwendo huo halifikishi hata nusu ya mizunguko hiyo. Mafuta yake hayafiki lita mbili, na mafuta hayo hayo ndiyo yanayolainisha injini, gia na klachi. Mwenye kuchelewa kuyabadilisha anaziua zote tatu kwa pamoja. Ndiyo maana swali la kwanza kwa muuzaji lisiwe imekwenda kilomita ngapi, bali ni nani aliyekuwa akiitengeneza na stakabadhi ziko wapi. Muuzaji aliyehifadhi karatasi za kila ukarabati kwa kilomita 60,000 anastahili kusikilizwa kuliko yule mwenye kilomita 12,000 na maneno matamu.

Na hizo kilomita 12,000 zenyewe, nani ajuaye kama ni za kweli? Kifaa cha kuhesabia umbali huweza kung'olewa na kuwekwa kingine kilichotoka kwa pikipiki iliyovunjwa. Lakini si rahisi kuudanganya mwili mzima. Tazama mpira wa pahali pa kuwekea miguu, mishikio na kiti. Pima unene wa sahani za breki, kwani kiwango cha chini kinachoruhusiwa huchongwa kwenye sahani zenyewe. Tazama tairi pia: tarakimu nne zilizomo ubavuni hutaja wiki na mwaka wa kutengenezwa, hivi kwamba 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka wa 2019. Pikipiki inayodaiwa kuwa ya kilomita chache, nayo imevaa mpira uliochongeka na mnyororo uliolegea juu ya meno yaliyochongoka, ina mengi ya kueleza.

Jambo la kuogopwa hasa katika pikipiki za aina hii ni ajali. Zimevikwa mavazi ya plastiki ambayo hufunika aibu nyingi. Vazi jipya hununuliwa, rangi ikapigwa, na pikipiki iliyobingirika mtaroni ikawa bibi harusi. Chunguza ncha za usukani, ncha za vishikio vya breki na klachi, na vifuniko vya injini pande zote mbili. Mikwaruzo hukaa huko. Simama nyuma yake uone kama magurudumu mawili yamefuatana sawasawa. Ukiiendesha polepole na usukani ukavuta upande mmoja, usikubali kuambiwa kwamba ni upepo. Kilomita zinaweza kurekebishwa kwa vipuri. Kiunzi kilichopinda kitakutupa kwenye kona siku ya mvua.

Nendeni wawili, mmoja wenu akiwa fundi, na mfike mapema kuliko mlivyoahidi. Weka kiganja karibu na injini kabla ya kuwashwa. Ikiwa tayari ina joto, yamkini kuna ugumu wa kuwaka ambao muuzaji hakutaka muushuhudie.

Kisha linganisha nambari ya kiunzi na ya injini na zile zilizomo katika kitabu cha usajili, na mwenye jina humo ahamishe umiliki mwenyewe kupitia mfumo wa NTSA kabla fedha hazijakamilika. Ahadi ya kwamba kitabu kiko kwa binamu huko Mombasa haitoshi. Na katika zile fedha za mkopo wa SACCO, tenga mapema za tairi mbili, mnyororo, mafuta na kofia ngumu iliyo mpya. Kofia ya mtumba usiikubali hata ukipewa bure, kwa maana huwezi kujua iliangukia wapi.