Kidole Kilichookoa Picha ya Sinema

Wapenzi wa picha za zamani za sinema wana desturi moja ambayo watu wengi huicheka. Wakutanapo hupenda kuzungumza habari ndogo ndogo: mwigizaji fulani alikuwa na umri gani, mji ule mkubwa ulijengwa kwa kitu gani, picha iliendelea kwa dakika ngapi. Kisha hushindana kwa maoni, huyu akisema picha ni njema, na yule akisema haina maana. Mpita njia akiwasikia hudhani kuwa wanapoteza wakati wao bure. Leo twataka kuwaonyesha, kwa mfano mmoja wa kweli, ya kuwa habari ndogo ya namna hiyo iliweza kurudisha kitu kilichodhaniwa kuwa kimepotea milele.

Picha tutakayoieleza yaitwa Metropolis. Ilitengenezwa nchi ya Ujerumani na kampuni iitwayo Ufa, na mwongozaji wake alikuwa Fritz Lang. Ilionyeshwa mara ya kwanza mjini Berlin tarehe 10 Januari 1927. Siku hizo picha zilikuwa hazijapata sauti. Watazamaji walisoma maneno yaliyoandikwa katika vibao, na wapiga muziki walikaa mbele yao wakipiga muziki wa kuifuatisha hadithi.

Hadithi yenyewe ni hii. Katika mji mkubwa wa wakati ujao, matajiri wakaa juu katika majumba marefu, na wafanya kazi wakaa chini ya ardhi wakizitumikia mashine usiku na mchana. Bwana wa mji ni Joh Fredersen. Mwanawe, Freder, ampenda Maria, msichana awafarijiye wafanya kazi. Mvumbuzi mmoja, jina lake Rotwang, aunda mtu wa chuma na kumpa sura ya Maria ili awadanganye watu. Na udanganyifu huo wauletea mji maafa makubwa.

Habari ndogo za picha hii ni nyingi na za kupendeza. Brigitte Helm, aliyekuwa hajatimiza miaka 21, ndiye aliyeigiza Maria, na ndiye pia aliyevaa lile vazi gumu la mtu wa chuma. Majumba mengi makubwa yalikuwa vielelezo vidogo tu. Fundi mmoja, Eugen Schüfftan, alikiweka kioo kwa mshazari mbele ya kamera, akakwangua rangi ya fedha mahali fulani. Palipokwanguliwa, kamera iliwaona waigizaji waliosimama nyuma ya kioo. Pasipokwanguliwa, iliona sura ya kielelezo kidogo kilichowekwa kando. Sehemu hizo mbili zikaungana, na mtazamaji akadhani kuwa watu wale wamesimama katika jengo refu lisilo na mfano.

Siku ile ya kwanza picha ilikuwa na urefu wa mita 4,189, yaani yapata saa mbili u nusu. Lakini haikuachwa hivyo. Kwa ajili ya Marekani, kampuni ya Paramount ilimpa mwandishi mmoja, Channing Pollock, kazi ya kuifupisha, naye akaikata sana na kuibadili hadithi. Mwaka ule ule wenye picha nchini Ujerumani nao wakaiondoa nakala ndefu, wakatoa nyingine iliyopunguzwa yapata robo. Tangu hapo nakala zilizoenea duniani zikawa ni fupi.

Sisi tuliwahi kuwaonyesha wanafunzi wetu chuoni nakala mojawapo fupi. Ilipokwisha, mmoja wao aliinua mkono akauliza: "Mwalimu, huyu Rotwang ana ugomvi gani na bwana wa mji?" Swali lilikuwa la haki, nasi hatukuweza kulijibu kwa yale tuliyokuwa tumeyatazama. Jibu lilikuwamo katika vipande vilivyokatwa. Zamani Rotwang alimpenda mwanamke aliyeitwa Hel. Mwanamke huyo akaolewa na Fredersen, akafa alipomzaa Freder. Rotwang aliunda mtu wa chuma kwa kumlilia Hel. Jina hilo kwa Kiingereza lakaribia neno la jehanamu, na kwa sababu hiyo mkataji wa Marekani aliliondoa, na kisa chake pamoja nalo. Ikabaki chuki isiyo na chanzo.

Basi, si ajabu kwamba wapenzi wa sinema walibishana juu ya picha hii kwa miaka mingi. Wengine waliisifu kwa uzuri wa sura zake, wakailaumu kwa hadithi isiyoshikamana. H. G. Wells, mwandishi mashuhuri wa Uingereza, aliishutumu vikali mwaka 1927 kuwa ni ya kipumbavu. Hata Fritz Lang mwenyewe baadaye hakuisifu sana. Lakini wengi waliotoa hukumu walikuwa kama hakimu aliyewasikiliza mashahidi watatu akamwacha wa nne mlangoni.

Mwaweza kuuliza: kwa nini nakala ndefu haikutafutwa mapema? Sababu moja ni namna ukanda wa picha ulivyotengenezwa siku zile. Ulitokana na pamba iliyolowekwa katika tindikali kali, ukaitwa ukanda wa nitreti. Ukanda huo hushika moto upesi mno, na ukiisha kuwaka hata maji hayauzimi, kwa kuwa wenyewe hutoa hewa ya kuulisha moto wake. Hata usipowaka, kadiri miaka ipitavyo husinyaa, hunata, na mwisho huwa unga. Wazee wetu husema akiba haiozi. Lakini akiba ya namna hii huoza. Mwaka 2013 Maktaba ya Bunge la Marekani ilitoa taarifa ya kuwa, katika picha ndefu zipatazo 11,000 zilizotengenezwa nchini humo wakati wa sinema isiyo na sauti, kama asilimia 70 zimepotea kabisa.

Sasa twaja kwenye kidole chetu. Mwaka 1928, kabla nakala zote ndefu hazijatoweka, mfanya biashara mmoja wa sinema alichukua nakala moja akaipeleka Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina. Ilipokwisha kuonyeshwa, ikaingia mikononi mwa mhakiki wa sinema aliyekuwa akikusanya picha. Baada ya miaka mingi ikawekwa katika hazina ya umma. Kwa kuogopa moto, walinzi wake waliinakili katika ukanda mwembamba wa milimita 16 usio na hatari, na ule wa nitreti ukatupwa. Ukanda huo mwembamba ukakaa katika makopo bila mtu kutambua kilichomo.

Huko Buenos Aires alikuwako mtafiti wa picha za zamani aitwaye Fernando Martín Peña. Siku moja kiongozi wa chama cha wapenzi wa sinema alimsimulia taabu iliyompata zamani alipokuwa akiionyesha Metropolis. Ukanda ulikuwa haukai sawasawa katika mashine, ikambidi aushikilie kwa kidole chake kwa muda wa zaidi ya saa mbili. Msimulizi alikuwa akilalamikia kidole chake, na wengine wangalicheka tu, mambo yakaishia hapo. Lakini Peña alizijua dakika za picha. Alijua kuwa nakala zote zilizojulikana zilikuwa fupi kuliko muda ule. Akajiuliza: ikiwa kidole kilikaa pale zaidi ya saa mbili, ukanda ule ulikuwa na nini ambacho nakala nyingine hazina?

Swali hilo alikaa nalo miaka mingi. Hatimaye, mwaka 2008, yeye na Bibi Paula Félix-Didier, aliyekuwa mkuu wa jumba la makumbusho ya sinema la mji ule, waliyafungua makopo wakauchungua ukanda. Ndani yake wakakuta vipande vilivyokosekana katika nakala nyingine zilizojulikana. Wataalamu wa Ujerumani waliithibitisha habari hiyo, na mwezi wa Julai ikatangazwa duniani.

Kazi ya kuitengeneza haikuwa nyepesi. Mikwaruzo ya ukanda wa zamani ilikuwa imenakiliwa pamoja na picha, na mingi haikuweza kufutwa. Maandishi ya muziki wa kwanza, uliotungwa na Gottfried Huppertz, yalisaidia sana, maana yalikuwa na alama za kuonyesha ni tukio gani lafuata tukio gani. Tarehe 12 Februari 2010 picha ilionyeshwa tena Berlin, ikiwa imeongezewa yapata dakika 25. Kisa cha Hel kikarudi mahali pake. Yule mtu mwembamba, mpelelezi wa Fredersen, ambaye katika nakala fupi alipita kama kivuli, sasa akawa na kazi inayoeleweka. Vipande vichache bado havijapatikana, na mahali pake pamewekwa maandishi ya kueleza.

Je, ubishi umekwisha? La. Wako waionao picha kamili kuwa ndefu mno, na wako wasemao kuwa mwisho wake ni mwepesi kupita kiasi. Maoni yetu sisi ni kwamba hadithi yake si ya ajabu, lakini sasa yashikamana, na mtu akiilaumu ailaumu kwa makosa yake yenyewe, si kwa makosa ya mkasi.

Twawaomba wanafunzi wetu walishike jambo moja. Kisa cha kidole kisingalifaa kitu kama aliyekisikia asingalizijua hesabu za dakika. Na hesabu za dakika zisingalifaa kitu kama mzee yule asingalikisimulia kisa chake. Habari ndogo mbili zilikutana katika kichwa kimoja, ndipo picha ikapona. Mdharau mwiba mguu huota tende. Basi mtu mzima akisimulia habari za kitu cha zamani, hata kama asema kwa mzaha, msikilizeni mpaka mwisho, mwulizeni ilikuwa wapi na ilichukua muda gani, kisha yaandikeni majibu yake. Huenda kopo lenyewe lingaliko rafuni mahali fulani, lamngoja mtu ajuaye la kuuliza.