Kigingi Kisichoonekana

Leo tutazame juu angani kidogo, kisha turudi tutazame nyumba zetu.

Kijana wa sekondari arudipo likizoni huweza kuuliza: “Baba, tumefundishwa kwamba angani kuna mashimo meusi, nayo hayaonekani. Wataalamu wamejuaje kwamba yapo?” Mzazi mwingine humkemea. Ndugu yangu, usimkemee. Swali lake ni jema, na sehemu ya jibu ilitoka hapa hapa Kenya.

Tarehe 12 Desemba 1970, Kenya ilipotimiza miaka saba ya uhuru, roketi iliruka kutoka San Marco, jukwaa la Waitalia lililosimama baharini karibu na Malindi. Ilibeba chombo cha Wamarekani, nacho kikaitwa Uhuru kwa heshima ya siku hiyo. Kazi yake ilikuwa kutafuta mionzi ya eksirei itokayo mbali angani. Eksirei mnaijua hospitalini. Ile ya angani huzuiwa na hewa ituzungukayo isitufikie, na ni rehema kwetu, kwa maana ingetudhuru. Kwa hiyo ilibidi chombo kipande juu ya hewa. Mkuu wa utafiti huo, Riccardo Giacconi, alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 2002.

Mahali pamoja paitwapo Cygnus X-1, Uhuru kiliona eksirei ikimetameta upesi mno, ishara kwamba itokako ni padogo sana. Mwaka 1971 wataalamu wa Uingereza na Kanada waliipima nyota iliyo mahali hapo. Wakaikuta inazunguka kitu, mzunguko mmoja kwa siku tano na nusu hivi, lakini kitu chenyewe hakionekani!

Mfugaji ataelewa upesi. Ukimwona ng'ombe anazunguka mahali pamoja, kamba imekazika, huhitaji kukiona kigingi. Majani yamekificha, lakini wajua kipo, tena kimekita imara. Ndivyo ilivyo nyota ile. Kigingi chake kina uzito wa kama majua 21, nacho kimeshikamana mahali padogo hata mwanga wenyewe hauwezi kutoka. Eksirei hutoka kwenye hewa ya nyota inayovutwa na kuchemka kabla haijamezwa.

Baadaye ulipatikana ushahidi wa namna nyingine. Mwaka 1916 Albert Einstein aliandika kwamba vitu vizito vizungukanapo, anga yenyewe hutikisika, na mawimbi huenea kama maji ya bwawa yatupiwapo jiwe. Ilipita karibu miaka 100. Ndipo tarehe 14 Septemba 2015 mitambo miwili huko Marekani, kila mmoja wenye mikono miwili ya kilometa 4, ilipokea mtikisiko mdogo kuliko kiini cha atomu. Mashimo meusi mawili, moja la majua kama 36 na jingine la majua 29, yalikuwa yamegongana na kuwa moja. Wimbi hilo lilisafiri kama miaka bilioni 1.3 kutufikia. Wataalamu hawakukimbilia kutangaza. Walipima tena na tena, wakasema Februari 2016.

Sasa sikilizeni vizuri. Simlinganishi Mungu na shimo jeusi. Shimo jeusi ni kiumbe tu, kama mlima au jiwe. Lakini twajifunza jambo hili: kisichoonekana hujulikana kwa kile kinachokizunguka.

Je, wewe wazunguka nini? Moyo wako majirani hawauoni. Jumapili sote twaimba, sote twavaa vizuri. Lakini bonasi ya chai ilipwapo, kamba hukazika, na kigingi hujulikana. Fedha zaelekea wapi? Kwenye karo ya watoto, au kwenye kilabu cha pombe? Mchumaji aliyekufanyia kazi tangu Januari, umemlipa haki yake? Mama mjane wa jirani, umemkumbuka? Bwana wetu alifundisha kwamba moyo wa mtu hufuata hazina yake. Mtoto wako hajamwona Mungu kwa macho. Lakini akuonapo unarudi daima kwenye sala, kwenye ukweli na huruma, hata mwaka wa mvua ya mawe, atajua kwamba kuna Mmoja anayekushika.

Basi jioni hii someni pamoja Waebrania sura ya 11. Kisha mtoke nje na kijana yule, mtazame nyota, naye awafundishe aliyojifunza.

Tuombe. Ee Bwana, uliyeumba tuyaonayo na tusiyoyaona, utushike kwako, ili wanaotutazama wakujue wewe. Amina.