Simu Moja, Boma Zima: Hotspoti Inapogoma Kabuchai

Kuanzia Chwele hadi Mukuyuni, kutoka Nalondo hadi Luuya, intaneti ya nyumbani mara nyingi haitoki kwenye waya wala kwenye kisanduku kilichopachikwa ukutani. Inatoka kwenye simu ya mtu mmoja. Mama akinunua bando, binti wa sekondari anasomea hapo hapo, kakake aliyemaliza kidato cha nne anafungua tovuti ya KUCCPS, ile ya kuomba nafasi za vyuo, achague kozi, na jirani mwalimu anabisha hodi na laptopu kwapani, ana alama za wanafunzi za kuingiza kabla ya saa sita usiku. Hotspoti ikigoma siku hiyo, boma zima limekatika. Ndiyo maana sikubaliani na wanaoiona kuwa jambo la vijana la kupitisha wakati. Katika eneo bunge hili la Kabuchai hotspoti ni miundombinu, na anayeitegemea anastahili kujua inavyofanya kazi.

Uwezo huu wa simu kugawa intaneti haujaishi miaka mingi. Simu za kwanza za Android ziliuzwa mwaka 2008, lakini hotspoti iliingia rasmi katika toleo la 2.2, mwaka 2010. Mwanzoni mwa 2011 Safaricom ikaleta nchini simu ndogo ya Huawei iitwayo IDEOS, kwa takriban shilingi 8,000, nayo ilikuja na toleo hilo hilo la 2.2. Kifaa kinachopokea intaneti kutoka kwenye mnara na kuwagawia wengine kikawa kimefika mikononi mwa watu wasio na mishahara mikubwa.

Ndani ya simu mna redio kadhaa, na hotspoti hutumia mbili kwa wakati mmoja. Ya kwanza huongea na mnara ulio umbali wa kilomita moja, mbili, au zaidi. Kwa 4G ya Safaricom, masafa ya 800 na 1800 megahezi ni miongoni mwa yanayotumika. Ya pili ni Wi-Fi, inayoongea na vifaa vilivyo mita chache tu kutoka hapo, kwa masafa ya gigahezi 2.4 au 5. Katikati ya redio hizo mbili kuna programu inayofanya kazi ya dalali wa soko la Chwele: mnunuzi wa nyanya kutoka mbali hamjui mkulima, anamjua dalali tu, naye dalali ndiye anayekumbuka ni kreti gani ilitoka kwa nani. Vivyo hivyo, kwa kawaida mtandao huiona simu moja tu. Simu yenyewe ndiyo inayoandika kumbukumbu kwamba ukurasa huu umeombwa na laptopu ya mwalimu, na video ile imeombwa na simu ya binti, kisha kila jibu likirudi inalipeleka kwa mwenyewe. Kila mgeni hupewa anwani ya ndani. Katika Android nyingi za hadi toleo la 10, anwani hizo zilianza na 192.168.43, na simu yenye bando ndiyo iliyokuwa nambari 1.

Kwa hiyo hitilafu inaweza kutokea mahali patatu: kati ya mnara na simu, kati ya simu na mgeni wake, au kwa dalali mwenyewe. Tatizo letu kubwa ni kuyatibu yote matatu kwa dawa moja ya kuzima na kuwasha, na ikishindikana, kufuta kila kitu.

Anza na jaribio lisilokugharimu hata shilingi. Kwenye simu yenye bando, zima hotspoti, zima Wi-Fi, ubaki na data ya laini peke yake. Fungua ukurasa ambao hujaufungua siku hizi, kwa sababu ule wa jana huenda umehifadhiwa ndani ya simu na utakudanganya. Ukikataa, iache hotspoti, haina hatia. Tatizo liko upande wa mnara, au bando limekwisha, au data imewashwa kwenye laini ya pili isiyo na bando, jambo linalotokea mara nyingi kwenye simu za laini mbili.

Upande wa mnara ndio wenye fizikia tamu zaidi, na ndio tunaoupuuza. Usiamini vijiti vya netiwaki vilivyochorwa juu ya kioo, maana kila kampuni ya simu huvichora kwa kipimo chake. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya kuhusu simu, kisha hali ya laini, utakuta nguvu ya mawimbi imeandikwa kwa dBm. Ni nambari hasi, na kadiri inavyokaribia sifuri ndivyo mawimbi yalivyo na nguvu. Kwa 4G, −85 ni nzuri; ukishapita −110 simu inahangaika. Kumbuka tu kwamba kipimo hiki hakiendi kwa kujumlisha bali kwa kuzidisha: kila 10 zinazopungua, nguvu imegawanywa kwa kumi. Kutoka −85 kwenye dirisha hadi −105 kitandani, simu yako imepoteza sehemu 99 kati ya 100 za mawimbi yaliyofika pale.

Na mara nyingi aliyeyachukua ni mabati. Wimbi la redio likigonga chuma, linazisukuma elektroni za chuma hicho, nazo zinalirudisha lilikotoka. Kwa masafa ya simu, wimbi huzama ndani ya bati kwa chini ya sehemu moja ya mia ya milimita, na bati lenyewe ni nene mara nyingi kuliko hapo. Halipiti. Ndani ya nyumba yenye paa la mabati, netiwaki huingia kwa madirisha, kwa mlango, kwa nafasi iliyoachwa chini ya paa, na kwa kuta. Ukuta wa matofali makavu huyapitisha mawimbi mengi kiasi. Ukuta wa udongo ulioloa mvua ya masika huyanywa, kwa sababu maji hufyonza nguvu zake. Anayelalamika kwamba netiwaki hudhoofika nyumbani kwake msimu wa mvua huenda anasema kweli tupu.

Hapa ndipo hotspoti inapokuwa na faida ambayo wengi hawaitumii: si lazima simu ikae ulipo wewe. Iache dirishani upande wa mnara, juu iwezekanavyo, nawe ukae mezani na laptopu. Kisha isogeze kidogo kidogo ukisoma ile dBm. Wimbi la megahezi 1800 lina urefu wa sentimita 17 hivi, la 800 lina 37. Mawimbi yanayotoka mnarani moja kwa moja hukutana na yale yaliyorudishwa na bati la jirani au tangi la maji. Mahali pengine yanasaidiana, mahali pengine yanauana, na umbali kati ya mahali pazuri na pabaya unaweza kuwa robo tu ya urefu wa wimbi. Yaani chini ya shubiri moja. Simu iliyokufa kwenye kona ya kulia ya dirisha inaweza kufufuka kwenye kona ya kushoto. Ila usiianike juani: simu inayohangaika kutafuta mnara hupaza sauti ya redio yake hadi kiwango chake cha juu, kama wati 0.2 kwa 4G, na pamoja na kazi ya Wi-Fi inapata joto la kutosha bila kuongezewa la jua. Ikizidi joto hupunguza kasi yenyewe, au huzima hotspoti kabisa.

Mwinuko nao ni wa kuhesabiwa. Eneo letu lililo chini ya Mlima Elgon lina migongo na mabonde, na mtu aliye bondeni kando ya mto huweza kukosa kile anachokipata mwenzake wa juu. Wazo la kuinua mnara hadi angani lilijaribiwa hapa Kenya: Julai 2020 Telkom na kampuni ya Loon walianza kurusha intaneti ya 4G kwa maputo yapatayo 35 yaliyoelea kilomita 20 hivi juu, yakilenga kilomita za mraba 50,000 za magharibi na kati mwa nchi, Kakamega ikiwemo. Kifizikia lilikuwa wazo sahihi. Kibiashara halikudumu; Januari 2021 Loon ilitangaza kufunga kazi.

Kuna jambo moja upande huu ambalo hakuna mpangilio unaolitibu, nalo ni msongamano. Uwezo wa mnara hugawanywa kwa wote waliounganishwa nao. Jioni, kila mtu akiwa nyumbani, dBm yako itasoma vizuri na ukurasa utagoma kufunguka. Usimlipe mtu akutengenezee simu kwa ajili hiyo. Pakua unachohitaji alfajiri.

Tuseme sasa simu yenye bando inafungua kurasa vizuri, lakini wageni hawapati kitu. Chukua waya wa USB, unganisha simu na laptopu, uwashe kusambaza intaneti kwa USB. Ikifanya kazi, dalali ni mzima na mnara ni mzima. Kilichoharibika ni Wi-Fi. Na ikiwa ni mtu mmoja tu anayetumia, baki na waya huo. Hauhitaji neno la siri, na simu inapata chaji.

Kwenye Wi-Fi, lawama kubwa naiweka kwenye mipangilio miwili. Kwanza ni masafa. Simu mpya zinaweza kurusha hotspoti kwa gigahezi 5, ambayo ina kasi lakini huchoka haraka ikikutana na kuta. Tena simu na laptopu nyingi za zamani haziioni kabisa. Mgeni akisema jina la hotspoti yako halitokei kwake wakati wengine wanaliona, rudisha kwenye 2.4. Pili ni usalama. Hotspoti ikiwekwa WPA3 peke yake, vifaa vya miaka ya nyuma vitaliona jina na kukataa kuunganishwa. Chagua WPA2, au ule mchanganyiko wa zote mbili. Usifike mahali pa kuiacha wazi bila neno la siri; kila apitaye njiani atakula bando lako, na hutajua ni nani. Ukibadilisha neno la siri, kifaa cha mgeni kitaendelea kung'ang'ania la zamani: mwambie asahau mtandao huo, kisha auingie upya. Halafu kuna kikomo cha wageni, ambacho kwenye simu nyingi huwa 8 au 10.

Dalali naye ana makosa yake. Tangu Android 7, mwaka 2016, kuna kiokoa data, Data Saver. Watu huiwasha kwa nia njema ya kubana bando, kisha wanashangaa hotspoti haikubali kuwaka. Ndivyo ilivyotengenezwa, izime. Kiokoa betri kwenye baadhi ya simu hufanya vivyo hivyo. Pia hotspoti nyingi hujizima zenyewe baada ya dakika chache zisipokuwa na mgeni, na mpangilio huo unaweza kuondolewa. Kisha kuna APN, jina la mlango ambao data hupitia. Kwa Safaricom jina hilo ni safaricom, kwa herufi ndogo. Kwenye baadhi ya simu, hasa zilizoletwa kutoka nje zikiwa zimetumika, sehemu ya aina ya APN hukosa neno dun, na matokeo yake ni ya ajabu: mwenye simu anaperuzi bila shida, wageni wote wanaambiwa hakuna intaneti. Kuliongeza neno hilo baada ya default, kwa mkato kati yao, kumeokoa simu nyingi.

Ujumbe wa kwamba umeunganishwa lakini hakuna intaneti una maana mahususi. Android ikishaunganishwa na Wi-Fi huiomba seva ya Google ukurasa mtupu, na hutarajia jibu lenye nambari 204, yaani nimekusikia na sina cha kukupa. Likija jibu jingine, simu huamua kuna ukurasa wa kuingilia mbele yake. Lisipokuja lolote, hutangaza hakuna intaneti. Hili litatuhusu zaidi na zaidi, maana tangu 2022 serikali imekuwa na ahadi ya vituo 25,000 vya Wi-Fi ya umma, masoko yakiwemo, na Wi-Fi za aina hii pamoja na zile za kulipia kwa saa huanza na ukurasa wa kuingilia. Ukurasa huo ukikataa kutokea, angalia kama uliwahi kuweka DNS ya faragha ili kuzuia matangazo, ukaisahau. Irudishe kwenye otomatiki. Angalia pia tarehe. Simu iliyokaa bila chaji siku nyingi inaweza kurudi na mwaka usio sahihi, na tovuti salama zote zitaikataa, kwa kuwa vyeti vya usalama vina tarehe ya kuanza na ya kuisha.

Kwa wenye laptopu za Windows nina neno moja. Kompyuta haijui kwamba intaneti hii ni ya bando la shilingi mia. Huweza kuidhani ya waya na kuanza kupakua masasisho makubwa chinichini. Ingia kwenye mipangilio ya mtandao huo uutie alama kuwa ni wa kulipia kwa kipimo, kabla ya kufungua kitu kingine chochote.

Yote yakishindikana, kuna kuweka upya mipangilio ya mtandao, ambako kunafuta maneno ya siri ya Wi-Fi, vifaa vya Bluetooth ulivyounganisha na mipangilio ya data uliyoibadilisha, basi. Picha, majina na ujumbe hubaki. Kurudisha simu ilivyotoka kiwandani ni jambo jingine kabisa: kunafuta picha za mazishi, za harusi, za mtoto alipozaliwa, mara nyingi kwa tatizo lililokuwa kwenye mabati au kwenye neno dun. Nawaomba mafundi wa simu wa Chwele, Kimilili, Bungoma na Kitale, mnaotegemewa na watu wengi wasio na pengine pa kuuliza: pimeni dBm kwanza, jaribuni waya wa USB, angalieni APN na kiokoa data, kisha mwambieni mwenye simu mlichokiona kabla ya kufuta chochote. Nawe mwenye simu, usikubali ifutwe kabla ya hayo kufanyika.