Mchezo wa Kufumbua Herufi
Ndugu wanakikundi wa Migori na Homa Bay, mchezo huu unawafaa wanaojifunza kusoma. Kiongozi achague neno, kisha abadilishe kila herufi kwa ile inayoifuata. SAMAKI inakuwa TBNBLJ. Aiandike ubaoni, wengine wafumbue.

Siri ni hii: karibu maneno yote ya Kiswahili huishia na irabu, kwa hiyo J ya mwisho ni irabu. Tena A hutokea sana. B imekuja mara mbili, jaribuni A.

Lakini angalieni! Fumbo rahisi hivi halifichi kitu, basi msifichie hesabu za kikundi humo. Sanduku liwe na kufuli tatu na washika funguo watatu. Daftari liwe wazi, kila mwanachama alisome mwenyewe.