Kujieleza kwa Maneno 300: Jinsi Kamati Inavyoweza Kumsaidia Mwombaji wa Shahada ya Uzamili

Kila mwaka kamati za parokia hutuletea majina ya vijana wanaotaka kuendelea na shahada ya uzamili. Wengi wao walisomeshwa kwa michango ya waumini na wafadhili, na leo ni wauguzi, walimu, wahasibu na maofisa kilimo. Vyeti wanavyo na uzoefu wa kazi wanao. Lakini katika fomu ya maombi kuna kisanduku kimoja kinachowasumbua kuliko vyote: kile kinachomtaka mwombaji ajieleze kwa maneno 500, mara nyingine 300, na mara nyingine 150 tu. Katika makala hii tunaeleza kisanduku hicho kinataka nini, na jinsi kamati inavyoweza kumsaidia kijana bila kumwandikia.

Kwa nini yawe mafupi?

Anayesoma maombi ana fomu nyingi mezani. Alama za mwombaji atazikuta katika vyeti, kazi alizofanya zimo katika wasifu wake, na tabia yake itaelezwa na wadhamini. Kilichobaki ni swali moja: kwa nini mtu huyu, kozi hii, na wakati huu?

Fadhili nyingine huligawa swali hilo. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza ulioanza mwaka 1983, huwataka waombaji waandike majibu mafupi kuhusu uongozi, kujenga mahusiano na watu, sababu za kuchagua kozi, na mpango wa kazi baada ya masomo. Ufadhili wa Jumuiya ya Madola nao hutaka kujua masomo yataleta manufaa gani kwa maendeleo ya nchi anayotoka mwombaji. Kwa hiyo hatua ya kwanza ni kusoma swali mara mbili na kujibu lililoulizwa. Anayeeleza umaskini wa familia pale alipoulizwa kuhusu uongozi amekosa jibu, hata kama kila alichoandika ni kweli.

Maneno yanayopotea bure

Tumezoea barua za maombi ya kazi zenye salamu, utambulisho na shukrani. Mazoea hayo huingia pia katika kisanduku. Hebu tuangalie mfano tuliotunga wa muuguzi anayeomba kusomea takwimu za afya. Anaanza hivi:

"Mimi ni kijana wa Kitanzania mwenye umri wa miaka 28, mtoto wa tatu katika familia ya watoto sita. Tangu utotoni nimekuwa na ndoto ya kuwasaidia wagonjwa, kwani elimu ni ufunguo wa maisha."

Maneno 32 yamekwisha, na msomaji hajajua lolote ambalo mwombaji mwingine asingeweza kuliandika. Umri na uraia vimeshajazwa katika ukurasa wa kwanza wa fomu. Methali ya ufunguo wa maisha, kama yalivyo maneno ya Nelson Mandela kuhusu elimu, hutumiwa na waombaji wengi mno. Sasa tuone muuguzi huyo huyo akianza na kazi yake:

"Nimefanya kazi miaka minne kama muuguzi mkunga katika zahanati iliyo kilomita 40 kutoka hospitali ya wilaya. Akina mama wengi walifika kwetu wakiwa wamechelewa. Kwa miezi sita niliandika katika daftari saa ambayo kila mama aliondoka nyumbani na usafiri aliotumia. Niligundua kwamba muda mwingi ulipotea katika kutafuta usafiri wa usiku. Tukapatana na waendesha bajaji watatu wa kijijini. Daftari lile lilisaidia kijiji kimoja. Nataka kusoma takwimu za afya ili nifanye kazi hiyo kwa wilaya nzima."

Maneno hayo hayafiki 80. Hakuna mahali aliposema kwamba ana bidii au ana moyo wa kujituma. Msomaji ameyaona mwenyewe. Sababu ya kutaka kozi imetoka moja kwa moja katika kazi yake.

Kugawa maneno 300

Tunapendekeza mgawanyo huu, unaoweza kubadilishwa kulingana na swali:

- Maneno 100: jambo moja alilolifanya, lenye mahali, muda na matokeo.
- Maneno 50: kitu ambacho hakukiweza kwa kukosa ujuzi.
- Maneno 90: kwa nini kozi hii katika chuo hiki, akitaja masomo yaliyomo.
- Maneno 60: atafanya kazi gani baada ya kuhitimu, wapi, na kwa ajili ya nani.

Tahadhari ya lugha

Ni vizuri kijana afikiri na kuandika rasimu ya kwanza kwa Kiswahili, maana ndipo mawazo yake yanapotoka kwa urahisi. Lakini asihesabu maneno hapo. Neno letu moja, kama "nilipowatembelea", linadai maneno manne ya Kiingereza. Rasimu ya maneno 300 ya Kiswahili huvuka kikomo ikishatafsiriwa. Aidha, fomu nyingine huhesabu herufi pamoja na nafasi zilizo kati ya maneno, na kisanduku hukataa kinachozidi.

Kamati ifanye nini?

Wajumbe wawili watenge saa mbili. Mmoja amuulize kijana: "Ulifanya nini? Ulijuaje kwamba kimesaidia? Kitu gani kilikushinda?" Mwingine aandike majibu kama yalivyosemwa. Mara nyingi jibu lililotolewa kwa mdomo lina uhai kuliko lililoandikwa. Kisha kijana aandike mwenyewe. Kumwandikia, kunakili maandishi ya mwenzake au kuiachia programu ya kompyuta imtungie ni hatari, kwa kuwa maombi hukaguliwa, na katika usaili ataulizwa kuhusu alichoandika.

Wajumbe wakumbuke pia kalenda. Maombi ya Chevening kwa kawaida hufunguliwa Agosti, na rasimu nzuri huhitaji wiki tatu au nne. Mikutano ya kamati ya Juni na Julai ndiyo wakati wa kuanza.

Zahanati zetu zinahitaji watu wenye ujuzi huo, na vijana wa kuupata tunao. Wafadhili wametusaidia kulipa ada kwa miaka mingi. Hatua hii haihitaji fedha. Inahitaji wajumbe wawili, kalamu, na subira ya kumsikiliza kijana mpaka aseme jambo analolijua yeye.